Kuunga Jamaa au Kumwelemea Mwenyeji?

Kila mwaka zikifungwa skuli mwezi wa Desemba, kaskazi ikisha kushika, watu wetu wa Mombasa huwapakia wake na watoto garini wakashika njia ya kwenda kuwazuru jamaa zao Malindi, Mambrui na Lamu. Ni ada njema, na asili yake ni dini. Mwenyezi Mungu katika aya ya kwanza ya Suratun-Nisaa ameutaja ujamaa wa tumbo pamoja na kumcha Yeye, na hilo lamtosha mwenye akili kujua ukubwa wa haki ya jamaa. Lakini ada njema yaweza kuoza ndani, ganda lake likabaki zima.

Suala letu ni hili: mtu akisafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Lamu, akakaa kwa shangazi yake siku kumi, akala, akalala, akarudi, je, ameunga jamaa? Wengi watajibu upesi kuwa ameunga. Sisi hatuna haraka hiyo, kwa sababu mwandishi wa maneno haya ndiye msafiri mwenyewe.

Tuliondoka alfajiri, watu saba. Wazee wetu walikuwa wakingoja feri Kilifi mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Sisi tulivuka kwa dakika moja, watoto wakiitazama hori chini yao. Garsen tuliipita kabla ya adhuhuri, na Mokowe tukaiacha gari tukapanda mashua. Njiani tulibishana sana juu ya sala: tufupishe? tukusanye adhuhuri na alasiri? Masuali mema, na majibu yake yamo vitabuni. Hapana hata mmoja katika sisi aliyeuliza shangazi, naye ni mjane, atatulisha nini.

Alitulisha vizuri. Kila tuliponyosha mkono kutoa pesa za soko aliapa kuwa hapokei, nasi, tuseme kweli, tulikuwa wepesi mno kukiamini kiapo chake. Miezi mitatu baadaye ndipo bintiye alipotupa habari kuwa bangili ya dhahabu ya mamake imo rahani kwa sonara tangu siku ya tatu ya ugeni wetu.

Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) amemkataza mgeni kukaa kwa nduguye hata akamtia dhambini, na alipoulizwa vipi atamtia dhambini, alieleza kuwa ni kukaa kwake hali mwenyeji hana cha kumkirimia. Na ugeni aliuwekea siku tatu, zinazozidi ni sadaka. Tena tazameni ajabu: katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hafupishi tena sala. Basi sisi tulisali rakaa nne kwa kuwa si wasafiri tena, kisha tukakaa kitako kungoja chakula kwa kuwa tu wageni!

Atasema msemaji: basi tusiende, tupeleke pesa kwa simu. La. Pesa ni neema, lakini hazimuulizi mjane hali yake, wala hazimwonyeshi wajukuu. Litakiwalo ni mtu kwenda na mchele wake na mafuta yake, kukaa siku zake tatu, na ikiwa watu ni wengi, kupanga nyumba ya jirani hata kama mwenyeji atanuna. Na anune. Haya yake isifanywe ghanima kwetu.

Liko jingine zito zaidi. Pale Kilifi, tulipovuka daraja kwa dakika moja, yuko ami yetu mgonjwa, katika nyumba isiyo na upepo wala ufuo. Yeye na shangazi ni tumbo moja. Hatukushuka. Je, tulimwendea shangazi, au tuliiendea Lamu na mashua zake? Mtume amebainisha kuwa muungaji wa kweli si alipaye wema kwa wema, bali ni yule ambaye akikatwa huunga. Ami hakutukata, wala hana cha kutulipa. Sisi ndio tuliomkata, bila ya ugomvi wala neno baya, kwa mwendo wa gari tu. Na mkato wa namna hii watutisha kuliko ule wa ugomvi, kwani mgomvi hujua kuwa amekosa na huenda akatubu. Apitaye akicheka na wanawe atatubia nini?

Bangili imekombolewa, kwa mkono wa bintiye, nasi hatukutajwa. Kwa ami tulikwenda Ijumaa iliyopita baada ya sala. Alifurahi, akaagiza tuletewe maji, kisha akatuuliza: "Leo mwaelekea Lamu?"