Ni Nani Ashikaye Neno la Mwisho?

Twauliza: ni nani hasa mwenye uwezo wa kuamuru silaha za nyuklia zirushwe? Tuitazame Marekani, kwa maana taratibu zake zajulikana kuliko za mataifa mengine.

Mwezi wa Agosti 1945, baada ya miji ya Hiroshima na Nagasaki kuteketezwa, Rais Truman alikataza bomu jingine lisitupwe pasipo idhini yake mwenyewe. Yalikuwa makatazo mema, maana majemadari hawakuachiwa tena kuangamiza miji kwa shauri lao. Lakini kufuli lile lililowazuia wengi liliacha ufunguo mkononi mwa mtu mmoja. Hata leo Rais wa Marekani akitaka kuamuru, hakuna sheria imlazimishayo kupata kibali cha Bunge wala cha waziri. Humpasa kuthibitisha kwa maneno ya siri ya kuwa ndiye yeye, basi.

Wengine husema, "Lakini warushao ni wawili." Ni kweli: katika vituo vya makombora ya nchi kavu, maofisa wawili sharti wageuze funguo zao pamoja. Walakini kazi yao ni kupima kama amri ni ya kweli, si kama ni ya haki. Mwaka 1973 Meja Harold Hering, aliyekuwa akifundishwa kazi hiyo, aliuliza atajuaje ya kuwa amri imetoka kwa Rais mwenye akili timamu. Hakupewa jibu la kumtosha. Aliondolewa mafunzoni, na mwishowe jeshini.

Tena yafikirini mambo ya Septemba 1983. Mitambo ilimwonya Stanislav Petrov, ofisa wa jeshi la Kisovyeti, ya kuwa makombora ya Marekani yanakuja. Akaona haielekei taifa lianze vita kubwa kwa makombora matano tu, akawaarifu wakubwa wake ya kuwa mitambo imekosea. Ndivyo ilivyokuwa, ulikuwa ni mwanga wa jua juu ya mawingu. Petrov hakuwa na mamlaka ya kurusha kitu, lakini uamuzi wa wakubwa ulipitia kinywani mwake.

Basi amri ni ya mmoja, bali tendo ni la wengi, na kila mkono upitishao amri una dhamiri yake. Wazee husema, Mjumbe hauawi. Methali hii humlinda achukuaye maneno. Haimlindi achukuaye moto.

Wako wajibuo ya kuwa kombora huvuka toka bara hata bara kwa muda wa nusu saa hivi, wala hakuna nafasi ya baraza. Twakubali, ikiwa adui amekwisha kurusha. Lakini yeye atakaye kuanza hana haraka hiyo, na asiye na haraka hana udhuru wa kukataa shauri. Kwa hiyo twaona ni haki sheria imweke mtu wa pili, mwenye uwezo wa kusema "Hapana" asiadhibiwe. Mataifa yasitegemee bahati ya kumpata Petrov katika kila zamu.