Kuonekana na Kuonwa

Sarufi ya Kiswahili inatofautisha vitenzi viwili ambavyo mazungumzo ya kila siku huvichanganya. Kuonekana ni hali ya kitu kuwa wazi mbele ya macho, hata kama hakuna anayekitazama, ilhali kuonwa ni kauli ya kutendwa, nayo humdai mtendaji, yaani mtu aliyeelekeza jicho na kukiri alichokiona. Anayelalamika kwamba wenzake hawamjali haumizwi na kutoonekana. Mhudumu anayepita na birika la chai katikati ya kikao huonekana na wote, kiasi kwamba vikombe husogezwa upande wake bila mazungumzo kukatika, ila hakuna aliyemwona. Swali la kimaadili ni kama huyo amedhulumiwa, au ameumia moyoni tu kwa jambo lisilo na mkosaji.

Wengi hujibu kwamba hizo ni hisia, na dawa ya hisia ni subira. Jibu hilo linakwama mbele ya Sura ya 80 ya Qurani, Abasa, jina lenye maana ya kukunja uso. Kwa mujibu wa wafasiri wengi wa Kisunni, Mtume Muhammad alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitaraji wasilimu, alipojiwa na Abdullah ibn Umm Maktum, kipofu aliyetaka kufundishwa dini. Mtume akakunja uso na kugeuka, na aya zikashuka kumlaumu kwa kuwashughulikia wasiojali na kumwacha mwenye kiu ya kujifunza. (Baadhi ya wafasiri wa Kishia, akiwemo Tabatabai, wanaona kwamba aliyekunja uso ni mtu mwingine; hitilafu hiyo haiigusi hoja ya hapa.) Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba Ibn Umm Maktum hakuweza kuuona uso uliokunjwa. Huenda alihisi kimya, lakini lawama imeanza na uso. Kama dhuluma ya kupuuzwa ingekuwa ni maumivu ya mpuuzwaji peke yake, ishara iliyomfichikia isingehesabiwa kosa. Kosa basi lilikuwa katika mizani, kwa namna watu walivyopimwa uzito kabla mmoja wao hajasikilizwa.

Fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inafuata mkondo huohuo katika suala la salamu: kuanza kuitoa ni sunna, jambo lenye thawabu lisilolazimishwa, ilhali kuijibu ni wajibu, hivyo anayepita bila kuitikia ameondoka na deni, awe aliyesalimu amekasirika au hakujali.

Ipo hoja inayoelekea kuyapinga haya yote. Al-Ghazali (1058–1111), katika Ihya Ulum al-Din, anaisifu khumul, yaani hali ya mtu kutojulikana, kwa kuwa umaarufu huzaa riya, ambayo ni ibada inayofanywa ili watu waione. Ni mafundisho mazito, na kwa bahati mbaya hutajwa zaidi na walioketi viti vya mbele wakiwaliwaza waliosimama nyuma. Al-Ghazali alimlenga mwenye kuwinda sifa, na yeye mwenyewe aliacha ualimu wake Baghdad mwaka 1095 jina lake likiwa limevuma kotekote. Aliyevua joho kwa hiari hawezi kulinganishwa na ambaye hakuvishwa kamwe, wala khumul ya mja haimpi jirani yake ruhusa ya kumpita kama nguzo ya barazani.

Ibn Umm Maktum alikuja kuwa mmoja wa waadhini wa Madina, pamoja na Bilal. Bilal aliadhini usiku ungalipo, na waliokusudia kufunga waliendelea kula na kunywa mpaka waisikie sauti ya yule kipofu. Naye, kwa kuwa hakuweza kuiona alfajiri, hakuadhini mpaka watu wamwambie kwamba kumekucha.