Motokari ya Mbio kwa Kazi ya Kila Siku: Je, Mkristo Amekatazwa?



Swali limeletwa mbele ya mashemasi, nalo limegawanya watu. Kijana mmoja wa fanfari anafanya kazi katika mgodi. Ameweka akiba miaka mingi, na sasa anataka kununua motokari okazioni: Toyota Celica, ile ya chini-chini yenye umbo la mbio, iliyotengenezwa Japani kati ya mwaka 1999 na 2006. Haitaki kwa mashindano. Anaitaka kwa kwenda kazini, sokoni na kanisani, kila siku ya Mungu. Wazee wengine wamesema: aondolewe kwanza katika fanfari, kwani roho ya majivuno imemwingia. Vijana wenzake wamejibu: pesa ni jasho lake, kanisa halina neno hapo.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekata maneno kabla ya kupima. Sisi Wakimbangu tumepewa maneno matatu ya kupimia kila jambo: Upendo, Amri na Kazi. Tupime na hili. Nitaanza na Amri, kwa sababu ndipo ugomvi ulipoanzia.

AMRI

Tumekatazwa pombe, tumbako, ngoma za dunia na kuoa mitala. Hayo kila mtoto wa kanisa anayajua. Lakini hakuna amri iliyosema motokari ya Mkristo iwe na milango mingapi. Mtu anayevunja amri ya Mungu anakosa, na mtu anayeongeza amri ambayo Mungu hakuitoa anakosa vilevile. Wafarisayo waliongeza mizigo juu ya mabega ya watu, na Bwana Yesu hakuwasifu. Basi wazee wangu, kwa heshima yote: kumwondoa kijana katika fanfari kwa sababu ya umbo la motokari ambayo hata hajainunua, hiyo ni kuhukumu moyo kwa kutazama bati.

Wengine wanasema uzuri wenyewe ndio hatari. Sikubali. Hekalu letu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981, ni zuri, na waamini walibeba mawe kwa mikono yao ili liwe zuri. Kama uzuri ungekuwa dhambi, tungaliendelea kusali chini ya majani. Mungu aliyempa ndege rangi hakumkataza mwanadamu kupenda kitu kilichotengenezwa vema. Lakini tazameni tofauti moja: uzuri wa Nkamba unamfurahisha kila anayeingia. Uzuri wa motokari ya mbio unamfurahisha nani? Swali hilo si hukumu. Ni swali tu, na kijana anaweza kulijibu.

Sasa ninyi vijana. Mmesema pesa ni jasho lake, asiulizwe. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba vitu vyote vinaruhusiwa, lakini si vyote vinavyojenga. Ruhusa ni mlango tu. Ukiisha kuingia bado unaulizwa unafanya nini ndani ya nyumba. Tena kumbukeni mahali tunapokaa. Papa Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921 huko Bas-Congo, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akasafirishwa mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi hii, na hapa alifariki tarehe 12 Oktoba 1951, miaka 30 katika mikono ya walinzi. Miaka 30 yote hakuchagua njia ya miguu yake mwenyewe. Leo sisi tunachagua barabara, tunachagua saa ya kutoka na saa ya kurudi, tunachagua hata rangi ya motokari. Uhuru wa namna hiyo tusiutumie kwa kusema tu “msiniulize”. Mtu huru kweli ndiye anayeweza kuulizwa na akajibu bila hasira.

UPENDO

Upendo unauliza juu ya wengine. Wengine hao wako wapi? Wako barabarani, na wako ndani ya motokari yenyewe.

Tuanze na barabara. Motokari nyingi za okazioni tunazoziona Katanga zinatoka Japani. Zinashuka Dar es Salaam, zinapita Tunduma, zinavuka Zambia yote na kuingia kwa Kasumbalesa, safari ya karibu kilometa 2.000. Volani yao iko upande wa kuume, kwa maana Japani, Tanzania na Zambia wanaendesha kwa kushoto. Sisi Kongo tunaendesha kwa kuume. Basi dreva anakaa upande wa majani, mbali na katikati ya barabara. Akitaka kulipita lori la mgodi kwenye njia ya Likasi, hawezi kuona mbele mpaka atoe karibu motokari yote nje. Motokari ikiwa ya chini kama Celica, anaona gurudumu la lori na si kitu kingine. Na nani anaona kwanza? Ni yule aliyekaa kushoto: bibi yake, au mtoto, au mama yake. Kama lori lingine linakuja, huyo ndiye anayekutana nalo wa kwanza. Dreva anaonja utamu wa mbio, na hatari inakaa kwenye kiti cha jirani. Ninaomba kila mwenye volani ya kuume, awe na motokari ya mbio au teksi ya kawaida, alitafakari jambo hilo.

Tena kuna hesabu ya mbio. Motokari inayokwenda kilometa 90 kwa saa inapita metre 25 kila sekunde moja. Mtoto akikimbilia mpira wake barabarani, dreva anahitaji karibu sekunde nzima kabla mguu wake haujagusa breki. Metre 25 zimekwisha kupita bure. Na mbio zikiongezwa mara mbili, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Hii ni elimu ya shule, haibadiliki kwa maombi. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlinzi wa mnara alimtambua Yehu kwa mbali, akamtambua kwa namna yake ya kuendesha kama mwenye wazimu. Je, wale wanaosukuma baiskeli za makala asubuhi wakituona mbali, wanatutambua kwa nini?

Mtu atasema: lakini mabisi na teksi nazo zinakimbia. Ni kweli. Nguvu ya mota haimwamuru mtu kukimbia. Lakini hapo ndipo penye fundo la swali letu: kwa nini nilipie nguvu ambayo ninaahidi sitaitumia?

Nimelifikiri jibu, nami nimelipata katika fanfari yenyewe. Tarumbeta ina nguvu ya kufunika sauti za watu wote. Mpigaji mzuri ana nguvu hiyo kifuani na anaizuia, na ndiyo sababu wimbo unakuwa mtamu. Basi kuwa na nguvu na kuizuia si uongo. Huo ni ukomavu. Mtu anaweza kupenda motokari ya mbio kwa umbo lake, kwa breki zake nzuri, kwa namna inavyoshika njia kwenye kona, bila kupita kiasi.

Lakini msisahau neno “kila siku”. Tarumbeta inapigwa mbele ya kiongozi wa fanfari na mbele ya watu. Motokari inaendeshwa pia saa kumi na moja ya asubuhi, mtu akitoka kazi ya usiku, peke yake, amechoka, amegombezwa na mkubwa wake. Kujizuia siku ya Jumapili ni rahisi. Kujizuia mara 300 kwa mwaka, bila shahidi, ni kazi ya roho. Mwenye kujijua kwamba ana hasira ya haraka, asinunue majaribu na kuyaweka kwenye kiwanja chake.

Na ndani ya motokari? Celica hiyo ina milango miwili ya watu. Ili mtu aketi nyuma, kiti cha mbele kinakunjwa, naye anaingia kwa kuinama. Mama mkwe mwenye maumivu ya magoti, na kikwembe chake, ataingia namna gani? Usiku mtoto akipata malaria, kilio kikitokea mtaani Katuba na watu wanaomba kubebwa, mfuko wa unga ukinunuliwa, motokari itasema nini? Sisemi kila Mkristo alazimishwe kuwa bisi ya ukoo mzima. Niliona mwenye bisi kubwa anayebeba watu huku ananuna, na niliona mwenye motokari ndogo anayefanya safari tatu kwa furaha. Viti vingi si upendo. Lakini kabla ya kununua, andika kwenye karatasi majina ya watu utakaowabeba kila juma. Kama karatasi ina jina lako tu, usikasirike watu wakikuuliza.

KAZI

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza ahesabu gharama, asije akachekwa. Motokari ni mnara wenye magurudumu. Basi tuhesabu.

Kwanza, mota. Celica hizo zilikuja na mota za namna mbili. Ile kali, 2ZZ, inabana sana hewa na esanse, kipimo cha 11,5 kwa 1, nayo inadai esanse ya daraja la juu. Esanse mbaya ya chupa za kando ya barabara inaiumiza. Ile tulivu, 1ZZ, ya litre 1,8, haidai hivyo, lakini nyingi za miaka ya kwanza zinajulikana kwa kunywa mafuta ya mota. Tazama moshi wakati wa kuiwasha ikiwa baridi.

Pili, njia. Motokari ya chini inapenda lami safi. Kwetu mvua inaanza karibu na Novemba mpaka Machi, na mashimo yanajifunika maji. Kila shimo ni bili ya amortisa. Na piesi za motokari ambayo wachache wanayo hazipatikani kila kona kama zile za Corolla. Zinatafutwa mbali na kungojewa.

Tatu, mipira. Ubavuni mwa mpira kuna namba nne za mwisho: mbili za juma na mbili za mwaka. 2315 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2015. Mpira unaweza kung’aa na kuwa mzee. Namba ya shasi na ilingane na karatasi za duane. Na fundi anayeikagua asiwe rafiki wa muuzaji.

Nne, akiba. Ninashauri: bei ya kununua isizidi robo tatu ya pesa ulizo nazo; robo inayobaki ni ya matengenezo na bima. Na pesa hizo zisiwe mali ya mahari uliyokwisha kuahidi, wala ada ya shule ya wadogo zako, wala deni. Nsinsani nayo isikauke. Anayetoa sana mbele ya watu siku ya nsinsani na kumdai fundi wake miezi sita, hajatoa kitu.

NENO LA MWISHO

Sasa sikieni jambo ambalo linanipendeza katika habari hii. Mota ile ya 1ZZ iliyo ndani ya Celica iliwekwa na Toyota pia katika Corolla. Moyo ni mmoja. Nguo ndizo tofauti. Motokari inayotazamwa na mtaa mzima na motokari ya baba wa watoto sita zinaweza kuwa na moyo uleule. Basi kijana anayechagua Celica hiyo tulivu analipia hasa umbo. Je, ni dhambi kulipia umbo? Hapana, hata suti ya Jumapili tunailipia umbo. Lakini aseme kweli: “Ninaipenda kwa sababu ni nzuri.” Asiseme ni kwa ajili ya kazi ya Mungu, asiseme inatumia esanse kidogo, asimwambie mchumba wake kwamba itawafaa kwa watoto. Majivuno hayaanzi kwenye rangi ya motokari. Yanaanza pale mtu anapotunga sababu nzuri za kufunika ile ya kweli.

Kwa hiyo shauri langu kwa wazee ni hili: asiondolewe katika fanfari. Aitwe kwa upole, kama mtoto wa nyumba, aulizwe mambo matatu. Utawabeba nani? Umehesabu gharama ya miaka miwili, si ya siku moja? Na sababu yako ya kweli ni ipi? Akijibu bila kuficha, mwacheni anunue, na tuiombee motokari yake kama tunavyoziombea nyingine. Mimi, angeniuliza, ningemshauri Corolla ya milango minne, kwa ajili ya magoti ya mama yake. Lakini hilo ni shauri la shemasi, si amri ya Mungu, na mashauri yangu nisiyavike kanzu ya amri.

Na sisi wengine tusio na motokari ya mbio, tusijione watakatifu kwa sababu hatuna pesa. Miguu nayo inaweza kutembea kwa majivuno.

Mungu wa Papa Simon Kimbangu atupe akili ya kuchagua na moyo wa kujibu. Amina.

Shemasi wa parokia, Lubumbashi