Aliyeficha Mema Yake

George Michael alifariki nyumbani kwake Goring-on-Thames, Uingereza, siku ya Krismasi ya mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 53. Saa za mwanzo vyombo vya habari vilirudia yale ambayo kila mpenzi wa muziki aliyajua: kundi la Wham! alilolianzisha na rafiki yake wa shule Andrew Ridgeley, albamu ya Faith iliyotwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora, sauti iliyoweza kubembeleza na kulia ndani ya ubeti mmoja. Kisha watu wakaanza kutoa habari ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Richard Osman, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, alieleza kwamba mwanamke mmoja aliwahi kushiriki kipindi cha Deal or No Deal na kusema anahitaji pauni 15,000 za matibabu ya kupandikiza mimba. Kesho yake George Michael alipiga simu kwa siri, akatoa fedha zote. Mtu mwingine akasema alijitolea naye katika makazi ya watu wasio na nyumba, na kwamba nyota huyo aliwasihi wenzake wasimwambie yeyote. Esther Rantzen, mwanzilishi wa Childline, huduma ya simu kwa watoto walio katika shida, akafichua kwamba mwanamuziki huyo alikuwa amewapa mamilioni ya pauni bila kutaka jina lake litajwe.

Maombolezo ya kawaida hupita mbio mahali kama hapa, ilhali pana maswali mawili mazito. Mtu anayetoa kwa siri anamlinda nani? Na akishafariki, siri hiyo inabaki kuwa ya nani?

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Plato aliandika, katika kitabu chake cha Jamhuri, kisa cha mchungaji wa Lydia aliyeokota pete ya kumfanya asionekane. Mchungaji alipoijua nguvu yake alimtongoza malkia, akamuua mfalme, akautwaa ufalme. Glaucon, anayekisimulia kisa hicho ili ambane Socrates, anashikilia kwamba mtu yeyote angefanya vivyo hivyo: watu hutenda haki kwa kuwa wanatazamwa. Halafu anaongeza mtihani mgumu zaidi. Anamtaka Socrates amfikirie mtu mwema kwelikweli ambaye ulimwengu mzima unamdhania mwovu. Je, huyo bado ana sababu ya kuwa mwema?

Jambo ambalo Glaucon halitaji ni kwamba mtu anaweza kuivaa pete ile ili apate kutoa. Tena anaweza kuivaa wakati ambapo kuonekana kungemfaa sana.

George Michael alikuwa katika hali hiyo. Makosa yake yalikuwa mali ya umma. Mwaka 1998 alikamatwa katika choo cha bustani huko Beverly Hills, na kwa njia hiyo ya fedheha dunia ikathibitishiwa kwamba alikuwa akipenda wanaume. Mwaka 2010 aligonga duka kwa gari lake jijini London, akakiri kwamba aliendesha akiwa amevuta bangi, akafungwa. Wachekeshaji walimla hai kwa miaka. Wakati wote huo alikuwa na utetezi ambao mshauri yeyote wa habari angeutamani: hundi, barua za shukrani, mashahidi. Hakuutumia. Ni vigumu kupata jibu kwa Glaucon lililo wazi kuliko hilo, kwa sababu hapa mtu alipoteza kitu halisi kwa kunyamaza, tena alikipoteza kila wiki magazeti yalipotoka.

Msomaji wa Injili ya Mathayo na msomaji wa hadithi za Mtume wote wameyasikia mafundisho ya mkono wa kulia unaotoa bila wa kushoto kujua. Kwa kawaida mafundisho hayo hufasiriwa kwa upande wa mtoaji, kwamba siri humwepusha na ria na kumhifadhia thawabu. Tafsiri hiyo ni ya kweli, lakini inamwacha nje mtu wa pili. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, alimwingiza katika kitabu chake kuhusu fadhila. Anasimulia habari za Arcesilaus, aliyekuwa na rafiki maskini na mgonjwa, mtu aliyeona haya kusema hana kitu. Arcesilaus alimwekea fedha chini ya mto bila yeye kujua, ili aonekane ameziokota badala ya kupewa. Kwa lugha ya pwani, alimsitiri. Siri ile haikuwa pambo la roho ya mtoaji. Ilikuwa sehemu ya zawadi yenyewe, pengine sehemu yenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa fedha zingekwisha ilhali heshima ingebaki.

Fikiria sasa mtoto anayezaliwa kwa zile pauni 15,000. Mama yake alikuwa amekwisha kuieleza haja yake mbele ya kamera. Kama zawadi ingekuja na picha ya pamoja na tabasamu la nyota, mtoto angekua akiitwa mtoto wa fedha za George Michael, na mama angedaiwa shukrani mpya kila alipohojiwa. Mashabiki wa nyota huyo wangejiona nao wana sehemu katika familia ile. Zawadi isiyo na jina ilimwacha mtoto awe mtoto wa wazazi wake tu. Childline nako, mtoto aliyepiga simu usiku akitetemeka alihitaji mtu wa kumsikiliza, na hakuhitaji kujua ni nani aliyelipia laini.

Hata hivyo si kila utoaji unafaa kufichwa, na maisha ya mwanamuziki huyu yanaonyesha kwamba alilijua hilo vyema. Mwishoni mwa mwaka 1984, njaa ilipokuwa ikiua watu Ethiopia, alikuwa mmoja wa waimbaji wa Band Aid. Wimbo wao wa Do They Know It's Christmas? ulishika nafasi ya kwanza Uingereza, na uliozuiwa kwenye nafasi ya pili ulikuwa Last Christmas wa Wham!, alioutunga yeye mwenyewe. Alishindwa na wimbo ambao sauti yake imo ndani yake, na mrabaha wa ule ulioshindwa nao ukapelekwa Ethiopia. Hapo kelele zilihitajika. Njaa ya maelfu ya watu haiwezi kusitiriwa chini ya mto. Inataka serikali ziaibike na watu wengi wafungue pochi. (Last Christmas ulifika nafasi ya kwanza huko Uingereza kwa mara ya kwanza Januari 2021, miaka minne baada ya mwenyewe kufariki.)

Mfano mgumu zaidi ni wa tarehe 20 Aprili 1992, uwanja wa Wembley, katika tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar aliyeuawa na UKIMWI miezi mitano kabla. George Michael aliimba Somebody to Love akiwa na wanamuziki wa Queen, na wengi huuhesabu wimbo ule kuwa kilele cha siku nzima. Rekodi yake iliuzwa mwaka uliofuata, mapato yakaenda kwa Mercury Phoenix Trust, mfuko wa kupambana na UKIMWI. Zawadi hiyo ilikuwa ya wazi kabisa, lakini mzizi wake haukuonekana. Mpenzi wake, Anselmo Feleppa wa Brazil, alifariki kwa ugonjwa huohuo Machi 1993, na umma haukujua kwamba walikuwa wapenzi. Alimwomboleza kwa wimbo wa Jesus to a Child, uliotoka mwaka 1996. Mamilioni waliusikia, na mrabaha wake ukaenda kimya Childline.

Lipo pingamizi ambalo haifai kulikwepa. Mwanamke wa Deal or No Deal alisaidiwa kwa sababu tajiri mmoja aliguswa na maneno yake. Wengine wenye haja ileile hawakuwa kwenye televisheni. Ukarimu unaotegemea macho ya mwenye mali unakwenda kwa bahati, na haki haipaswi kugawanywa kwa bahati. Tena usiri huohuo unaweza kuwa kificho cha mwovu: wapo wanaotoa fedha gizani kwa wanasiasa ili wanunue sheria. Kipimo kinachofaa ni kuuliza nani anasitiriwa. Siri inapomlinda mnyonge ni hisani. Inapomlinda mwenye nguvu asihojiwe inapaswa kuvunjwa. Kuhusu bahati, pingamizi linabaki na uzito wake wote. Desemba 2006 George Michael aliwafanyia wauguzi wa huduma ya afya ya taifa tamasha la bure katika ukumbi wa Roundhouse, London, kwa kuwa wauguzi walimhudumia mama yake kabla hajafariki kwa saratani mwaka 1997. Ilikuwa shukrani ya mwana, na kama shukrani ilitosha. Mishahara ya wauguzi ilibaki kuwa wajibu wa serikali.

Je, waliosema baada ya Krismasi ile walimsaliti? Alikuwa ameomba ukimya, na ombi la marehemu halifi naye. Lakini kama siri ilikuwepo kwa ajili ya mpokeaji, basi mpokeaji ndiye mwenye funguo zake. Osman alisimulia tendo bila kumtaja mwanamke kwa jina, na Rantzen alilitaja shirika bila kumgusa mtoto yeyote, hivyo sitara haikupasuka. Umma nao, uliokuwa umemhukumu kwa nusu ya ushahidi na kucheka kwa miaka, ulistahili kuoneshwa nusu iliyobaki. Waliopokea na wakachagua kunyamaza hadi leo wana haki hiyo, na mwandishi wa wasifu wa George Michael hana ruhusa ya kuwabishia hodi.