Hagari ndiye aliyeulizwa



Someni Mwanzo 21. Hagari amefukuzwa, maji yamekwisha. Anamwacha mtoto chini ya kijiti na kwenda kuketi mbali, asimwone akifa. Sisi tungesema ni mama mbaya. Mungu alisikia sauti ya mtoto, lakini aliyeulizwa ana shida gani ni mama. Alipofumbuliwa macho akaona kisima, ndipo akamnywesha mtoto.

Mimi sikuanza hivyo. Mama mmoja wa hapa Mutanga Sud (ameniruhusu kueleza) aliniletea mtoto wake wa miaka minne. Anauma wenzake, anakojoa kitandani, mara analia bila sababu, mara ananyamaza siku nzima. Majirani walisema ni pepo, wengine wakataja uchawi. Neno hilo tumelibeba toka Kongo, na limewatupa watoto wengi barabarani. Nikafunga siku tatu, nikamwekea mtoto mikono, nikakemea. Hakuna kilichobadilika. Mke wangu ndiye aliyeuliza: "Mama, wewe unalala?"

Halali. Alikuwa na miaka tisa kambini Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, walipouawa wakimbizi zaidi ya 150. Mwaka 2025, watu walipovuka Rusizi kwa maelfu kukimbia vita ya Kivu, usiku ule ulimrudia. Mchana anakaa tu, anamtazama mtoto bila kumwona.

Mtoto mdogo husoma uso wa mama kabla hajajua neno hata moja. Uso usipomjibu, atapiga kelele, atauma, mradi ajibiwe. Akichoka hunyamaza, na sisi tunamsifu kwamba ana adabu! Si kila mtoto msumbufu ana mzazi mgonjwa, wala simlaumu mama yeyote. Na akina baba tujipime pia, sisi tunaoficha huzuni ndani ya pombe na fimbo.

Yule dada alikwenda Kamenge, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili. Njiani alijifunika kitenge usoni, akiogopa kuitwa kichaa. Anapewa dawa, anazungumza na muuguzi, na tunaendelea kuomba naye. Mtoto bado anakojoa kitandani. Kuuma kumepungua.

Kila Jumanne mama mmoja wa chumba cha maombi anakaa na mtoto huyo ili mama yake alale. Wanaofanya zamu ni watatu tu, na mmoja ana mimba kubwa. Anayeweza kuwasaidia amwone mke wangu baada ya ibada.