Kumiliki ni Kuweza Kutoa

Je, kitu ni changu kwa sababu tu nimekilipia? Mimi ni mpenzi wa michezo ya video, na swali hili hunijia kila ninapoiwasha mashine yangu.

Ninayo bado kaseti ya Super Mario Bros., mchezo uliotoka Japani mwaka 1985. Ukiipachika kwenye mashine yake, mchezo huanza. Hauombi ruhusa ya mtu. Naweza kumwazimisha jirani, kuiuza, au kumwachia mwanangu.

Siku hizi michezo mingi hununuliwa kwa intaneti. Sikatai kwamba ni rahisi: hakuna kaseti ya kuibwa wala diski ya kukwaruzika. Lakini mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za mchezo wa The Crew, uliotoka mwaka 2014, na hata wenye diski mkononi hawakuweza kuucheza tena. Mwaka huohuo jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria kwamba muuzaji wa bidhaa za namna hiyo amweleze mnunuzi wazi kuwa anapewa leseni tu.

Kwangu mimi, kitu ni changu pale ninapoweza kukitoa. Nisichoweza kumwazimisha jirani wala kumrithisha mtoto, hicho nimepangishwa. Kupanga si aibu. Lakini mpangaji hulipa kodi, halipi bei ya nyumba. Na anayemtoza bei ya nyumba hamtendei haki, hata akimwandikia mkataba ulio wazi.