Anayejitolea Naye Ana Nyumba

Katika viwanja vya vumbi vya mitaa yetu wapo watu wanaofundisha watoto mpira bila mshahara. Kocha hununua filimbi kwa fedha yake. Mama hubeba furushi la jezi kwenda kuzifua nyumbani. Kijana hulipa nauli ili awe mwamuzi wa mechi ambayo watu watamtukana. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini liko swali ambalo sisi Wakristo tunalikwepa: je, tukimrudishia mtu huyo nauli, au tukimsaidia karo, tumeiharibu sadaka yake?

Wapo wanaosema ndiyo. Wanatukumbusha kwamba Bwana Yesu aliwaonya wanaotoa ili wasifiwe na watu. Hofu yao ina msingi, kwa maana anayefuata posho huondoka posho inapokatika.

Hata hivyo, tulitazame neno lenyewe. Katika “kujitolea” mna ile “ji”, nayo inatuambia kwamba mtoaji na kinachotolewa ni mtu yule yule. Ikiwa kamati imeamua kwamba kocha hahitaji chochote, na yeye anaona haya kusema kuwa nyumbani hakuna unga, huyo hajajitolea. Ametolewa na wengine.

Mtume Paulo analiweka jambo hili wazi katika 1 Wakorintho 9. Kwanza anatetea kwa nguvu haki ya mhudumu kutunzwa na wale anaowahudumia. Ndipo anasema kwamba yeye hakuitumia haki hiyo. Tuuangalie utaratibu huo: haki inathibitishwa kwanza, kisha mwenye haki anaiacha kwa hiari yake. Wakorintho hawakuwa na ruhusa ya kuiacha kwa niaba yake.

Tumfikirie pia yule mjane wa Marko 12. Tunapenda kuhubiri juu ya senti zake mbili, lakini mistari iliyotangulia tunaipita haraka. Humo Yesu anawakemea viongozi wanaozila nyumba za wajane. Aliyesifu moyo wa mjane ndiye aliyewakemea waliomfilisi. Kwa hiyo, kumsifu anayetoa vyote hakutupi sisi ruhusa ya kuvichukua vyote.

Mathare, jijini Nairobi, kipo chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987. Humo timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, si kwa ushindi uwanjani tu. Vijana wanaofundisha na kuongoza wenzao huhesabiwa pointi za huduma, na pointi hizo zaweza kuwapatia msaada wa karo. Mtu aweza kusema hiyo ni biashara. Mimi naona vingine. Karo haimtajirishi kijana wa Mathare. Inamwezesha kusoma na bado kurudi uwanjani jioni. Pasipo msaada wa namna hiyo, kujitolea kungebaki fahari ya wenye nacho, na maskini angenyimwa hata heshima ya kutoa.

Basi tunapomtafuta mtu wa kuifundisha timu ya watoto wetu, tusimnase kwa maneno matamu. Tumwambie ukweli: ni siku gani, ni saa ngapi, ni mpaka lini, na nani atamshika mkono akiugua. Yethro alimwona Musa akichoka kwa kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, naye hakumsifia uvumilivu wake. Alimshauri agawe mzigo. Tumwekee kocha nauli yake mezani kila mwezi, bila kusubiri aiombe. Akiirudisha ili inunue mpira, hiyo ni sadaka yake kweli kweli, na tuipokee kwa shukrani. Akiichukua, tusimhesabu kuwa mtumishi mdogo. Ana watoto wake pia, nao wanamngojea jioni.